Nilivyomjibia Sabdio

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Leo nimelala kwenye ile mashine kwa mara ya kwanza. Ni kitanda kilichogawanyika katikati. Unafungwa mkanda mmoja chini ya mbavu na mwingine kiunoni, kisha nusu ya chini inasogea polepole. Inakuvuta, inakuachia, inakuvuta tena. Dakika ishirini na tano. Nilidhani nitachanika vipande viwili. Badala yake nilipitiwa na usingizi nikakoroma, na aliyeniamsha ni mwanamume anayeweza kuwa mwanangu, dera langu limepanda mpaka magotini. Nimeona aibu hata nikasahau kusema asante.

Anaitwa Kaburu, ametoka upande wa Meru, amefungua kliniki juu ya duka la vyuma. Alinionyesha mgongo wa plastiki. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini, na changu kimetokeza pembeni, kinagusa mshipa. Ndiyo maana mguu wa kushoto unawaka moto. Miaka kumi na tisa ya kuinua mitungi ya maziwa. "Mashine inakipa nafasi kirudi ndani," alisema. "Wengine inawasaidia, mama, wengine haiwasaidii. Sitaki kukudanganya."

Nimepewa kadi ya kujaza kila jioni: maumivu kutoka sifuri mpaka kumi. Kadi ina nafasi ya namba tu. Mengine nitayaandika kwenye daftari hili ambalo binti yangu Lul aliliacha alipokwenda shule.

Namba ya leo: nane.

Jumatano, 9 Aprili

Nane. Mvua bado. Vumbi tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Tano! Na mvua imenyesha. Ilianza alfajiri, sisi wanawake wa maziwa tukiwa bado tunasubiri pikipiki kutoka Burat. Tulisimama chini ya bati tukacheka kama wasichana.

Mimi ndiye ninayepima. Kila mtungi ukifika naufungua, nanusa, naonja kidogo, nachemsha kijiko kimoja nione kama yanakatika. Nikisema haya yaende Nairobi, yanaenda. Nikisema haya yamechacha, mwenyewe anachukua mtungi wake bila kubishana, hata kama amesafiri nao usiku kucha. Hakuna aliyewahi kuniuliza mara mbili. "Gumato amesema" inatosha.

Jumamosi, 19 Aprili

Tatu. Nimesujudu mpaka chini bila kushika kiti. Nililia kwenye mswala.

Alhamisi, 24 Aprili

Kaburu aliniomba tupige video. Alisema watu wa huku wanaogopa mashine, lakini mimi wananijua. Nilikubali kwa moyo mweupe. Nilivaa shash mpya kichwani.

Nikasimama mbele ya simu yake nikasema kwa Kiborana kisha kwa Kiswahili: mimi ni Gumato wa maziwa, sikuweza kuinama, sasa tazameni. Nikainua mtungi wa lita ishirini mpaka begani.

Mtungi ulikuwa mtupu. Kaburu alisema ni kwa usalama wangu, mgongo bado haujakaza. Ni kweli alisema hivyo. Lakini ni mimi niliyekunja uso na kutoa pumzi kwa nguvu, kana kwamba nimebeba kitu. Hakuniambia nifanye hivyo.

Kila nitakayempeleka, mimi napata kulazwa kwenye mashine mara moja bure.

Jumapili, 27 Aprili

Usiku maumivu yamerudi, mguu mzima. Namba ni saba.

Kwenye kadi nimeandika tatu.

Jumanne, 29 Aprili

Video imefika Merti, imefika Garba Tulla. Simu haipumziki. Bado saba. Kwenye kadi, mbili.

Jumamosi, 3 Mei

Mzee Lopeyok, yule Mturkana anayelinda ghala karibu na kwetu, alikwenda kliniki kwa maneno yangu. Kaburu alimuuliza maswali yake yote, akasikia kwamba mzee anakohoa na amekonda, akakataa kumgusa. Alimwambia aende kwanza hospitali kuu akapigwe picha ya kifua na mgongo.

Lopeyok alikuja kwangu amekasirika. "Mama Lul, umenitembeza bure kwenye matope. Mimi nilitaka mashine, si kuchunguzwa kama ng'ombe wa mnada." Watu walisikia, na mmoja akacheka.

Niliumia kuliko ilivyostahili. Tangu lini mtu akaja kunirudishia neno langu?

Jumanne, 6 Mei

Mvua tangu jana. Mto umejaa, matope mpaka mlangoni.

Ndugu yangu Abdub amemleta mkewe Sabdio kutoka Burat. Wifi yangu huyu amekulia kambi za ngamia, anakamua na kuhama tangu utotoni, na Kiswahili chake ni cha salamu tu. Mgongo wake unamuuma katikati, si chini kama wangu, tangu kabla ya Ramadhani. Abdub aliona video akamwambia, dada yangu hawezi kudanganya. Aliniachia mgonjwa akarudi kwa ngamia. "Mikononi mwako," alisema. Mimi nikamjibu, "Atarudi anakimbia."

Kliniki ilijaa. Wanawake saba kwenye benchi, karibu wote nimewaleta mimi. Kaburu alikuwa ndani na mgonjwa, akanipa fomu kupitia mlangoni. "Mama, msaidie kujaza, wewe unajua lugha yake." Maswali kumi na mawili. Nilimsomea Sabdio kwa Kiborana.

"Umewahi kuvunjika mfupa?"

"La."

"Una homa? Unatoka jasho usiku?"

"Jasho lipo," alisema. "Kila usiku nabadilisha nguo. Na jioni mwili unapata moto."

"Umepungua uzito?"

Alicheka kidogo, akavuta dera lake kiunoni nione lilivyobaki. "Si unaona mwenyewe, wifi?"

Niliona. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilijua vizuri kabisa Kaburu angefanya nini akiona ndiyo mbili hapo. Angemrudisha kama alivyomrudisha Lopeyok, mbele ya benchi lile lote. Nikajiambia ni Ramadhani imemkondesha, ni joto la kabla ya mvua limemtoa jasho. Nikaandika hapana. Na chini yake hapana. Kaburu alipotoka akasoma tena kwa sauti, haraka haraka, akinitazama mimi: homa? Nikasema, hapana. Jasho? Hapana. Kupungua uzito? Hapana.

"Vizuri," akasema, akamwingiza.

Sabdio alinishika mkono wakati wote mikanda ikikaza.

Alhamisi, 8 Mei

Mara ya pili. Sabdio anasema mashine ni nzuri ila inamchosha. Mimi nane. Kwenye kadi, mbili.

Jumanne, 13 Mei

Mara ya tatu. Analala kwangu, kwenye kitanda cha Lul. Usiku nilimsikia akiamka, akisugua kanga yenye jasho kwenye beseni polepole nisiamke. Nilikuwa macho.

Ijumaa, 16 Mei

Mara ya nne. Anasema vidole vya miguu vina ganzi. Nilimwambia ni dalili kwamba mishipa inafunguka.

Nimelitoa wapi neno hilo? Hakuna aliyeniambia.

Jumanne, 20 Mei

Nimeandika na kufuta mara tatu.

Asubuhi nilikuwa kwenye maziwa. Mvua ilikuwa kubwa, pikipiki zimechelewa, nilikuwa nimekasirika. Niliporudi saa nne nilimkuta Sabdio uani, amelala kifudifudi kwenye matope kati ya choo na mlango. Alikuwa hapo tangu nilipotoka. Mvua yote ile ilimnyeshea.

"Miguu imekataa," alisema. Hakulia. Alisema kama mtu anayesema mlango umekataa kufunguka. "Nimeita."

Nilijaribu kumwinua. Ni mwepesi sana sasa, mwepesi kuliko mtungi. Lakini mgongo wangu ulinikata nikapiga magoti kando yake, tukabaki wote wawili chini, mimi nimemshika kwapani siwezi kumpandisha wala kumwacha. Gumato aliyeponywa, ambaye nusu ya kaunti imemwona akiinua mtungi. Nilipiga kelele mpaka Mzee Lopeyok akaja akikimbia na gongo lake. Mzee huyo huyo. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, anakohoa njia nzima, hakusema neno hata moja kuhusu mashine.

Nguo zake zilikuwa zimelowa mkojo, hakuwa amesikia. Alipotambua kwamba nimeona, alifunika uso wake kwa shash. Ndipo alipolia.

Ijumaa, 23 Mei

Daktari wa hospitali kuu ni mwanamke, anasema taratibu. Aliweka picha kwenye mwanga. Hata mimi niliona: pingili mbili zimeliwa, zimekaa kama meno yaliyooza, na mgongo umejipinda hapo. Ni TB. Sikujua TB inaingia kwenye mfupa. Nilidhani ni kifua tu.

Alisema ana dawa, atazinywa mwaka mzima, na huenda miguu ikarudi, lakini hatoi ahadi. Nikauliza kama ni mashine.

"Mashine haikumpa TB," alisema. "Lakini mfupa kama huu hauvutwi. Na wiki mbili zimepotea. Alikuwa na homa? Jasho? Kukonda?"

"Ndiyo," nikasema.

"Na huko kliniki hawakuuliza?"

Abdub alikuwa amesimama pale, ametoka kambini usiku, viatu vimejaa tope. Alinitazama akingojea jibu.

Nikasema, "Walikuwa na watu wengi siku ile."

Jumatatu, 26 Mei

Abdub amekwenda kliniki na vijana watatu. Alimshusha Kaburu ngazi amemshika kola, mbele ya duka la vyuma. Watu walijaa. Wengine walianza kutaja kabila, kwamba hawa wanatoka kwao wanakuja kuua watu wetu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara. Miwani ya Kaburu ilianguka, alikuwa anapapasa hewani, anasema, "Niliuliza! Mimi niliuliza!"

Polisi walifika kabla hajaumizwa sana. Watu wa afya ya kaunti wamefunga mlango kwa kufuli.

Wakati wanampandisha kwenye gari aliniona. Nilifunga shash vizuri kana kwamba ni upepo.

Jumanne, 27 Mei

Kaburu ameachiliwa. Jioni ametuma picha kwenye simu yangu. Ni ile fomu. Mwandiko wangu, ule niliofundishwa shule ya msingi, herufi zimelala upande mmoja. Hapana kumi na mbili.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekatika. Maziwa ni mengi hata hayana pa kwenda. Leo nilipitisha mtungi uliochacha, pua yangu haikunusa kitu. Umerudishwa kutoka Nairobi. Wanawake wanasema, Gumato ana mawazo ya mgonjwa wake, masikini.

Jumatano, 4 Juni

Kila siku naenda wodini. Mimi ndiye mdomo wa Sabdio: muuguzi anauliza, namwambia kwa Kiborana, anajibu, nageuza. Natafsiri neno kwa neno sasa, hata akisema chai ni baridi.

Leo Abdub alinikuta kwenye korido. "Jumatatu tunaandikisha maelezo polisi," alisema. "Wewe ndiye shahidi, ulikuwepo. Utasema yule mtu hakuuliza swali hata moja. Aliona mwanamke wa kambi, hajui kusoma, akamfunga kwenye mashine yake."

"Abdub, kulikuwa na fomu."

"Fomu gani? Sabdio hawezi kuandika."

Huyu nilimbeba mgongoni mama yetu alipokufa. Alikuwa na miaka minne. Nilimtazama usoni nikasema, "Sawa."

Jumamosi, 7 Juni

Iddi. Nimepeleka nyama wodini. Sabdio alikula vipande viwili. Alimwombea dua kila aliyemsaidia, na jina langu lilitangulia.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefanya.

Afisa ni kijana mpole anaitwa Lotukoi. Alikuwa na karatasi na kalamu. Abdub alikaa kushoto kwangu. Lotukoi akauliza, "Mama, siku ile mgonjwa aliulizwa maswali yoyote?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, nimelizoea. Nikatoa simu nikaiweka mezani, ile picha imefunguliwa.

"Aliulizwa kumi na mawili," nikasema. "Mimi nilijibu. Sabdio alinieleza ana jasho na homa, nami nikaandika hana. Kaburu alirudia kuniuliza kwa mdomo, nikamjibu hivyo hivyo."

"Mwandiko ni wako?"

"Wangu."

"Kwa nini uliandika hivyo, mama?"

Nikamwambia ukweli ulivyo mdogo: sikutaka arudishwe mbele ya watu. Nikamwambia pia mgongo wangu haukupona, na mtungi wa kwenye video ulikuwa mtupu. Lotukoi aliacha kuandika.

"Hilo la mtungi sijakuuliza," alisema.

"Najua."

Abdub hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alinyanyuka, akarudisha kiti mezani, akatoka. Nje nilimkuta ameegemea ukuta, mikono imefunika macho. "Nilimshika yule mtu shingo," alisema. "Wewe ulikuwa umesimama ng'ambo. Nilikuona." Halafu akaenda zake bila kungoja nijibu.

Nimempigia Kaburu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi pia nilikuwa na haraka, mama. Ningemwangalia yule mwanamke mara moja tu ningeona amekonda. Nilikutazama wewe." Kisha akasema, "Wewe na mimi tulijua ule mtungi ni mtupu." Amerudi kwao. Hajui kama atafungua tena.

Jumanne, 10 Juni

Kabla mitungi haijafunguliwa niliwaambia wanawake wote. Niliwaambia kwa Kiborana, na kwa Kiswahili kwa ajili ya Akuam na wauza maziwa wenzake wasiojua Kiborana. Waliopata nafuu kwenye mashine wapo, niliwaambia, lakini mimi si mmoja wao, na kila mwenye homa au jasho aende hospitali leo.

Kisha Velma, ambaye nilimpeleka mwezi uliopita na bado anatembea ameinama, akanyoosha mkono akachukua kijiko changu cha kuonjea. Hakunitukana. Akafungua mtungi wa kwanza akanusa yeye.

Mimi nimeosha mitungi mitupu mpaka saa sita. Kukaa chini na kuosha kunauma kuliko kusimama. Nane. Nimeiandika kwenye kadi pia, ingawa hakuna wa kuisoma.

Jumapili, 15 Juni

Nilikuwa nimeahirisha kumwambia Sabdio kwa siku sita. Kila siku nilifika wodini, nikageuza maneno ya muuguzi, nikampaka mafuta migongo ya miguu, nikaondoka. Abdub hakuwa amemwambia. Alisema, "Huo ni mdomo wako, utumie."

Leo nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikasema yote. Fomu, jasho, dera lililolegea, Lopeyok, benchi. Nilisema bila kulia kwa sababu niliona kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze.

Sabdio alisikiliza, macho yake yapo darini.

"Nilijua," alisema.

"Abdub amekwambia?"

"Nilijua siku ile ile. Kiswahili changu ni kidogo, lakini hapana naijua. Nani asiyeijua hapana? Alikuuliza, ukasema hapana. Akauliza tena, hapana. Mimi nilikuwa nimekwambia ndiyo."

Nikauliza, kwa nini basi ulikubali kulala kwenye mashine?

Akageuza uso akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo sitalisahau. "Nilifikiri unajua kitu ambacho mimi sijui," alisema. "Wewe ni Gumato."

Muuguzi wa jioni alifika na trei ya dawa. Ni mgeni, hajawahi kutuona. Akasimama upande wangu, kwa kuwa ameambiwa mgonjwa hajui Kiswahili, akaniuliza mimi: "Habari ya mgonjwa? Kuna mabadiliko yoyote miguuni?"

Nikafungua mdomo. Sabdio akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, si kwa nguvu, akaubana kwenye godoro.

"Mimi nasema," akamwambia muuguzi kwa Kiswahili. Alitafuta neno, muuguzi akangoja. "Kidole kubwa. Hii ya kulia. Jana hakuna. Leo asubuhi nasikia blanketi."

Muuguzi alifunua blanketi, akagusa kidole kwa ncha ya kalamu. "Hapa?"

"Hapo."

"Na hapa?"

"Hapo bado."

Mimi nilikuwa nimekaa pale tangu saa tisa. Hakuwa ameniambia.